Mabishano ya Gari la Maziwa

Evelina alifika Mirongo Jumamosi alasiri akiwa ameamua kuachana na Obedi, na alikuwa amepanga kufanya hivyo kwa maneno machache. Alivaa gauni lake la kijivu la kwendea kanisani ili asionekane kama mtu aliyekuja kustarehe. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yale, akayapunguza, akayapunguza tena, hadi yakabaki sentensi mbili.

Duka la Antoni la kukodisha kanda za video lilikuwa wazi, na benchi la kibarazani lilikuwa limejaa kama ilivyo kila Jumamosi. Obedi alikuwa ameketi mwishoni, karibu na mlango. Alipomwona aliinuka, akaanza kutabasamu, na tabasamu likamwishia njiani kwa sababu Evelina hakulirudisha.

Alhamisi iliyopita Obedi alikuwa amekwenda nyumbani kwa kina Evelina huko Nyakato, peke yake, bila kumwarifu. Baba yake Evelina, Mwalimu Luhende, mstaafu aliyesomeshwa na mapadri na kufundisha Kiswahili katika shule tatu za misheni, alimpokea mlangoni. Hawakuzungumza hata muda wa chai kupoa. Evelina aliporudi kutoka kwa masista, ambako alifundisha ushonaji, alimkuta baba yake amekaa wima kitini kama mtu aliyetukanwa mbele ya wanafunzi wake.

"Rafiki yako alikuja," Mwalimu alimwambia. "Alivua kofia, akasimama vizuri, akasema, 'Mzee, nimekuja kuomba mahari katika nyumba hii.' Nimeona vijana wanaohangaika kutafuta mahari, na nimeona wanaoomba wapunguziwe. Kijana anayekuja kuidai kwa baba wa binti, huyo sijapata kumwona."

Mwalimu aliendelea kwa sauti ile ile ya kusahihisha madaftari. Alisema kwamba kwa miezi mingi alikuwa amewazuia watu wa Usagara, ambao shangazi Wilhelmina aliwatafuta ili karani wao wa pamba aitwaye Shimba amwoe Evelina, kwa sababu alitaka kwanza kumwona huyo fundi ambaye binti yake alikuwa akimtajataja. Sasa alikuwa amemwona. Jumapili watu wa Usagara wangekuja, naye angewapa neno lake. Na neno la Mwalimu Luhende likishatoka halikuwa likirudi.

Hata hivyo, si Usagara iliyomkosesha Evelina usingizi. Alijua sentensi ile ilikotoka. Obedi alikuwa amekwenda mlangoni kwa baba yake kuigiza filamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, ya kuchekesha, ya miaka ya themanini, juu ya vijana wa shule ya sekondari. Jina lake halisi hapakuwa na aliyelijua, maana kanda ya Antoni ilinakiliwa kutoka kanda iliyokuwa nakala ya nakala, na mwanzo wake ulikuwa umetafunwa na deki. Watu waliiita Gari la Maziwa, kwa sababu kijana wa ndani yake, aliyempenda binti wa mwalimu mkuu, aliendesha gari la baba yake la kugawia maziwa. Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha kuwa mchemko tu, kama mafuta kikaangoni. Sauti iliyosikika ni ya Malimi, mfasiri Mkerewe, ambaye zamani alisimama na kipaza sauti katika ukumbi wa video wa Nyakato akiwaeleza wafanyakazi wa viwandani kila kinachosemwa, na ufasiri wake ukarekodiwa juu ya kanda ile. Malimi mwenyewe hapakuwa na namna ya kumuuliza. Alikuwa amehama na kufuata dhahabu, wala hapakuwa na ajuaye ni machimbo gani.

Wapenzi wa filamu hiyo waliijua kama wanavyoijua Salamu Maria. Masalu, fundi baiskeli, ndiye aliyegundua kwamba saa ya ukutani shuleni haisogei tangu mwanzo hadi mwisho. Modesta, muuza vitenge, aligundua kwamba mbwa wa mwalimu mkuu ni mbwa wawili, mmoja mwenye sikio jeupe la kushoto na mwingine la kulia. Antoni alidai kwamba tarishi na polisi ni mtu mmoja aliyebadilishiwa sharubu. Obedi, ambaye alitengeneza mitambo ya vyumba vya baridi katika kiwanda cha samaki, alisema siku moja kwamba maziwa yale si maziwa, kwa kuwa chupa zinatolewa kwenye barafu na hazitoi jasho. Ndiyo siku Evelina alipomtazama kwa mara ya kwanza. Aliitazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi, akajiuliza mtu wa namna gani huangalia jasho la chupa wakati wengine wote wanamtazama msichana mwenye sketi nyekundu.

Lakini palikuwa na jambo moja lililowagawa. Karibu na mwisho kijana anabisha hodi kwa mwalimu mkuu, anavua kofia yake ya kugawia maziwa, anasema neno. Mwalimu mkuu ananyoosha kidole. Kijana anageuka na kukimbia kwa miguu, na gari linabaki getini. Sasa Malimi alisema nini pale? Wengine walisikia, "Mzee, nitajie mahali," yaani kijana anauliza binti amekwenda wapi, na kidole kinaonyesha njia ya kituo cha mabasi. Wengine, Masalu akiwa kiongozi wao, walisikia, "Mzee, nitajie mahari," na kidole kinaonyesha gari. Ushahidi wao ulikuwa gari lenyewe: kama halikutolewa mahari, kwa nini kijana aliliacha akakimbia kwa miguu? Tangu Evelina alipoanza kukaa katika benchi lile, Obedi alikuwa upande wa Masalu, na walikuwa wakipigana viganja kila hoja ilipowapendeza.

Kwa hiyo Evelina aliposikia sentensi ile kutoka kinywani mwa baba yake, aliiona picha yote. Aliona kofia ikivuliwa. Aliona wanaume wa bencheni wakicheka.

"Nataka kusema nawe," alimwambia Obedi, akatangulia kwenda ubavuni mwa duka, mahali palipotazamana na mto.

Obedi alimfuata. "Everina," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka jina lile kwa namna nyingine, na Evelina, ambaye nyumbani kwao kila mtu alitamka sawasawa, alikuwa amelipenda jina lake zaidi lilipoharibiwa hivyo. Siku ile aligeuza uso.

"Ulikwenda kwa baba."

"Nilikwenda. Hakunipokea."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nilichokwenda kusema. Nilisikia watu wa Usagara wanakuja. Wazee wangu wako Majita, nisingeweza kuwaita wakafika. Nikasema bora niende mwenyewe."

"Uliomba mahari."

"Niliomba."

Evelina alikuwa akitumaini kwamba angekana. "Kwa baba yangu," alisema.

"Sasa ningeomba kwa nani? Yeye ndiye mwenye nyumba."

"Na hukuona aibu?"

"Niliona aibu sana. Lakini mtu akitaka kitu kama hicho si anaomba? Au alitaka nikichukue bila kuomba?"

Alisema hayo bila dalili ya mzaha, na macho yake yalikuwa yamemkazia Evelina usoni kama ya mtu anayetafuta penye kosa katika mashine ambayo jana ilikuwa ikifanya kazi. Evelina aliyatazama macho yale kupita kiasi alichojiruhusu. Zile sentensi mbili alizokuja nazo hazikufaa tena kwa mazungumzo haya. Alizisema hata hivyo. Alimwambia kwamba kesho baba yake anawapa watu wa Usagara neno, na kwamba yeye hatapinga, kwa kuwa mtu anayemfanyia mzazi wake mchezo wa video hawezi kumfanya yeye mke.

"Mchezo gani?" Obedi aliuliza.

Evelina alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka. Ili kurudi barabarani ilimbidi apite mbele ya benchi, na mbele ya benchi mabishano yalikuwa yamepamba moto. Modesta alimshika mkono na kumwambia asiondoke kabla ya kuwasaidia, kwa kuwa wanaume hawa walikuwa wamezidi. Alikuwa amepata hoja mpya. Kama mwalimu mkuu alitaja gari kuwa mahari, alisema, mbona kijana hakumpa ufunguo? Hakuna mahali katika kanda yote anapotoa ufunguo mfukoni. Alikuwa ameitazama mara kwa mara kwa ajili hiyo tu.

Masalu alimgeukia Obedi, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya Evelina akiwa amekunja uso.

"Obedi, mjibu huyu mama. Sisi tunasema ni mahari. Mwambie."

"Niacheni leo," Obedi alisema.

"Ndugu yangu, unaniachia vita peke yangu? Ni mahari au si mahari?"

"Ni mahari," Obedi alisema kwa uchovu. "Kila siku nasema. Ufunguo wa nini? Gari limepasuka gurudumu tangu darajani, mliona. Kijana amemuuliza mzee mahari, mzee akamwonyesha kwa kidole, yeye akakimbia kule alikoonyeshwa. Stendi. Si ndiko alikomkuta msichana?"

Bencheni watu wakatazamana.

"Ngoja kidogo," Masalu alisema. "Mahari iko stendi?"

"Msichana yuko stendi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, Masaru? Umelewa? Katika picha ile kuna ng'ombe?"

Modesta ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea nguzo ya baraza, akamwambia Masalu kwamba mwaka mzima alikuwa akipigana viganja na adui yake. Antoni alitoka ndani kuona kuna nini, na alipoelezwa alimwomba Obedi arudie, na Obedi akarudia, na kila aliporudia ilikuwa mahari. Yeye mwenyewe hakuusikia mkwaruzo wowote. Katika sikio lake alikuwa akisema neno lile lile ambalo Modesta alilisema, na siku zote alishangaa kwa nini Masalu hubishana na watu ambao, kwa maoni yake, walikuwa wakikubaliana naye.

Evelina hakucheka. Alikuwa ameshika ubao wa benchi. Mtu huyazoea matamshi ya mpenzi wake kiasi cha kutoyasikia tena. Sikio lake lilikuwa limekwisha kujifunza kumsahihisha Obedi kimyakimya, jina baada ya jina. Neno hili moja tu halikulisahihisha, kwa sababu mahari pia ilikuwa na maana.

"Obedi," alisema, "Alhamisi uliomba nini kwa baba? Usilitaje neno lile. Nieleze."

Obedi aliwatazama watu wote waliokuwa wakimtazama, akateremsha sauti. "Nafasi," alisema. "Pa kukaa. Niwe mtu wa nyumba ile."

"Twende," alisema Evelina.

Walimkuta Mwalimu Luhende barazani kwake Nyakato, amevaa koti, akichonga mpini wa jembe kwa kisu kifupi. Obedi alisimama chini ya ngazi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mwalimu alijibu, kwa kuwa salamu ni haki ya kila mtu. Kisha alimwambia binti yake, bila kumtazama mgeni, kwamba alikuwa amekwisha kusema huyu asirudi.

Evelina alieleza. Alieleza vibaya, akianzia kwenye filamu, na alipoona nyusi za baba yake zinapanda aliiacha filamu na kusema kwamba Obedi alikusudia mahali, ila ulimi wa kwao Majita ulimgeuzia herufi.

"Nilisikia vizuri," Mwalimu alisema. "Masikio yangu ni mazima."

"Ulisikia vizuri, baba. Ni yeye aliyetamka vibaya."

"Kila mtu akibanwa hugundua kwamba alikusudia jambo jema." Aliupuliza mpini, akaufuta kwa kiganja. "Sina njia ya kuyaona makusudi ya mtu."

Shangazi Wilhelmina alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi. Alisema kwamba jambo hili lilikwisha kuamuliwa, na kwamba kuku wa kesho alikuwa amewachagua na kuwafunga miguu. Evelina alihisi machozi yanakuja na akayakataa. Alijua baba yake hawezi kushindwa kwa machozi. Katika miaka yake ya kufundisha alikuwa ameyaona mengi.

Mwalimu aliweka kisu chini.

"Kijana, panda juu. Sitakuuliza ulikusudia nini. Nitakuuliza sarufi. Umesoma hadi wapi?"

"Darasa la saba, mzee. Baadaye ufundi, Musoma."

"Inatosha. Mtu husema kitabu changu, nyumba yangu, viatu vyangu. Neno ulilolisema Alhamisi mlangoni pangu, liseme tena, kisha ulifanye kuwa lako."

Obedi hakujua mtego uko wapi, na Evelina, aliyejua, hakuweza kumsaidia hata kwa macho, kwa maana baba yake alikuwa akimwangalia yeye.

"Mahari pangu," alisema Obedi.

"Rudia."

"Mahari pangu, mzee."

"Si mahari yangu?"

Obedi alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama mtambo unaweza kuzungushwa kinyume. "Mahari yangu?" alisema. "Hapana, mzee. Hiyo haisemeki."

Wilhelmina aliguna. Mwalimu Luhende alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, na kitu fulani katika mabega yake, kilichokuwa kimekazwa tangu Alhamisi, kikalegea kidogo.

"Inasemeka," alisema. "Ila ni kitu kingine, nawe hukukiomba. Anayedai mali husema yangu. Wewe umesema pangu, na ulimi hauwezi kulibuni hilo kwa ghafla. Herufi umeikosea, ngeli hukuikosea." Akakohoa. "Sasa niambie ni mahali gani. Nyumba hii ina vyumba vitatu na vyote vina watu."

"Sikuomba chumba, mzee. Chumba ninacho." Obedi aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Nimelelewa kwa baba mdogo, kisha kwa mjomba, kisha bweni la ufundi. Watu wote walinitendea wema. Lakini kila mlango ninaofika naulizwa nimefuata nini. Nirifikiri, nikimwoa Everina, patakuwa na nyumba moja ambayo nikifika siulizwi. Ndicho nilichotaka kusema. Nirikuwa nimekiandaa kwa ufupi kwa sababu ya woga."

Evelina alikuwa amemfahamu kwa mwaka mzima na hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Alimtazama, naye Obedi akamtazama mara moja tu, haraka, kisha akayarudisha macho kwa mzee kama adabu inavyotaka. Mara ile moja ilimtosha.

Mwalimu Luhende alichukua tena kisu na mpini, akachonga mara kadhaa mahali ambapo hapakuhitaji kuchongwa.

"Ulifanya kosa jingine, na hilo halitokani na ulimi," alisema. "Kijana hajisemei mwenyewe. Baba yako mdogo yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Aje. Aje na mtu mwenye mvi, waseme wao, wewe ubaki nje na usifungue kinywa. Sikuahidi kitu. Nasema waje, nitawasikiliza."

"Na watu wa Usagara?" Wilhelmina aliuliza. "Kuku hawa nifanyeje?"

"Wafungue."

"Kaka, watu watakuwa njiani."

"Hawatakuwa njiani. Nitakwenda Usagara mwenyewe kabla ya misa ya kwanza. Nilikuwa nimewatengenezea neno juu ya kosa la kusikia, na neno la namna hiyo mtu hawatumi wengine kulitengua."

Wilhelmina alirudi jikoni. Walimsikia akiwaambia kuku maneno makali, ambayo hayakuwa yakiwahusu kuku.

Obedi alishukuru, akashuka ngazi kinyumenyume kwa heshima, na kwa kuwa hakuwa na uhakika kama amefukuzwa mara ya pili au la, alisimama pale uani akiigeuzageuza kofia. Mwalimu hakuinua macho.

"Evelina," alisema. "Nyumba hii tangu lini mgeni anaondoka peke yake? Msindikize. Mpaka barabarani, si zaidi."

Evelina alisimama kana kwamba hakusikia. Katika nyumba ile walisindikizwa paroko, ndugu, na wanafunzi wa zamani waliokuja na watoto wao. Alijifunga khanga juu ya gauni la kijivu na kuteremka.

Walitembea bila kushikana mikono, kwa kuwa baba yake alikuwa akiwaona. Mbele ya uzio wa kwanza Obedi alimwomba amfundishe lile neno, na Evelina akamwambia aliache lilivyo, ila baba mdogo wake asilitumie. Mbele ya uzio wa pili Evelina alimwomba msamaha kwa maneno aliyomwambia kule mtoni, naye Obedi akasema yalikuwa maneno mazuri, yangemfaa mtu mwingine. Siku zote Evelina alikuwa akilalamika kwamba nyumba yao iko mbali na barabara, hasa akirudi amechoka na vitambaa kichwani. Jioni ile waliburuta miguu kadiri adabu ilivyoruhusu, wakasimama kuisalimu kila nyumba, hata zile ambazo hazikuwa na mtu nje, na bado barabara ilifika upesi.